Radio ya hospitali: mionzi kiasi gani, na kwa sababu gani?



Jumapili moja hapa Salamabila, ibada ilipokwisha, mama kijana alibaki kwenye benchi la nyuma mpaka watu wakapungua. Alikuwa ametumwa kupiga radio ya kifua kwa sababu ya kikohozi cha majuma mengi. Majuma machache baadaye akatambua kwamba siku ile ya radio alikuwa tayari na mimba. "Baba mchungaji," akatuambia, "walinipiga radio mbele nijue kama niko na mimba. Nyumbani wanasema mtoto atazaliwa na kilema, heri niitoe. Ninyi mnasema nini?"

Hatukumjibu siku ile. Tulikuwa na Neno la kumpa, lakini swali lake lilikuwa pia na hesabu ndani yake, na hesabu hiyo hatukufundishwa katika shule ya teolojia. Tuliomba pamoja naye, tukamsihi asifanye lolote kabla ya siku tatu, tukamtafuta daktari, na baada ya daktari tukamtafuta fundi wa radio. Tuliyojifunza kwao, na katika kusoma tangu wakati huo, ndiyo tunayowaandikia ninyi wa Kasongo, Kabambare na makanisa mengine ya mashariki. Jibu la mama huyu litakuja. Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe.

"Radio" tunayosema hapa si ile inayotuletea habari. Ni picha ya ndani ya mwili, ambayo wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaiita eksirei. Mionzi yake iligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen tarehe 8 Novemba 1895, na kabla ya Noeli ya mwaka huo alikuwa amepiga picha ya mkono wa mke wake, Anna Bertha, mifupa ikionekana pamoja na pete yake. Ndani ya mashine kuna bomba lisilo na hewa. Umeme wenye nguvu nyingi husukuma chembe ndogo sana zigonge kipande cha chuma, na pale zinapogonga hutoka mionzi ambayo jicho haliioni. Mionzi hiyo hupita katika nyama kwa urahisi na katika mfupa kwa shida. Picha tunayopewa ni kivuli cha yale yaliyoizuia.

Fundi akiachia kidude cha kupigia, mionzi imekwisha. Haibaki mwilini, haibaki kwenye shuka wala ukutani, kama vile mwanga wa tochi haubaki nyumbani ukiizima. Mtu aliyetoka kupiga radio anaweza kumnyonyesha mtoto wake saa ileile. Wako wanaoshauriwa kunywa maziwa ili "kuisafisha." Maziwa ni chakula kizuri, wanywe kama wanayo, lakini hapo hakuna cha kusafisha.

Hatari iko wapi basi? Iko katika kule kupita. Mionzi ikipita inaweza kuvunja vitu vidogo ndani ya chembe hai za mwili. Mungu ameuumba mwili wenye uwezo wa kujitengeneza, nao hutengeneza karibu yote. Mara chache sana hutengeneza vibaya, na kosa hilo linaweza kuwa mwanzo wa kansa miaka mingi baadaye. Kwa mionzi mingi sana kwa mara moja madhara huja haraka: ngozi huungua, nywele huanguka. Waliotangulia walijifunza hayo kwa miili yao. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison kule Marekani, alikuwa akijaribu mashine kwa kuweka mikono yake mwenyewe mbele yake siku baada ya siku. Mikono ikaharibika, ikakatwa, na mwaka 1904 akafa, hajatimiza miaka 40.

Sisi Wakongo tungestahili kuijua habari hii kuliko wengi. Radiamu, madini yanayotoa mionzi ambayo hospitali za Ulaya na Marekani zilitumia kutibu kansa, kuanzia mwaka 1922 ilitengenezwa kwa wingi kule Olen, Ubelgiji, kutoka mawe ya Shinkolobwe huko Katanga. Baadaye urani ya shimo hilohilo iliingia katika bomu la Hiroshima. Udongo wetu umeponya na umeua.

Turudi kwa vipimo, maana hapo ndipo hofu nyingi zinapoisha. Mionzi ipo duniani tangu uumbaji: hutoka katika mawe, katika hewa tunayovuta, katika chakula, katika anga. Kwa wastani wa dunia nzima mtu hupokea karibu milisiverti 2,4 kwa mwaka, bila kukanyaga hospitali. Radio moja ya kifua kwa mtu mzima, ikipigwa vizuri, ni kati ya 0,02 na 0,1 hivi. Ni sawa na yale anayoyapokea kwa siku tatu mpaka majuma mawili akiwa nyumbani kwake. Radio ya tumbo ni kama 0,7. Ya mgongo wa chini ni kama 1,5. Skana ya tumbo, ile mashine ya duara inayokata picha vipande vipande, inaweza kufika 8 au zaidi, yaani zaidi ya miaka mitatu ya mionzi ya kawaida kwa mara moja. Ekografi ni habari nyingine kabisa: inatumia sauti, wala haina mionzi hii hata kidogo.

Kwa hiyo anayesema "radio ni hatari" na anayesema "radio si kitu" wote wawili wamesahau kuuliza: radio ya nini, na ngapi?

Sasa mama yetu. Radio yake ilikuwa ya kifua. Mionzi ilielekezwa juu ya tumbo, si kwenye tumbo, na kile kinachofika kwa mtoto katika radio ya namna hiyo ni chini ya miligrei 0,01. Tume ya kimataifa ya ulinzi dhidi ya mionzi, ile inayojulikana kwa herufi ICRP, iliandika mwaka 2000 juu ya mimba na mionzi ya hospitali. Ilisema kwamba chini ya miligrei 100 hakuna sababu ya kutoa mimba kwa ajili ya mionzi. Gawanyeni wenyewe: 0,01 ni sehemu moja ya 10 000 ya 100. Katika miezi tisa mama yule angepokea mengi kuliko hayo kutoka kwa mawe ya Maniema tu. Hata skana ya tumbo, ambayo ni kubwa, kwa kawaida haifiki 100, ingawa hiyo haipigwi kwa mwenye mimba bila sababu nzito.

Tulirudi kwake pamoja na mke wetu, tukamweleza kwa mfano wa kipimo cha chumvi: anayeogopa punje moja na anayeogopa gunia hawaogopi kitu kimoja. Mimba yake aliitunza.

Si wote wanaopata mtu wa kuwaeleza. Mwaka 1986, mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulipolipuka huko Ukraine, upepo ulipeleka mionzi mpaka Ugiriki, nchi iliyo mbali. Kiasi kilichofika huko kilikuwa kidogo. Lakini wamama wenye mimba walishikwa na hofu, na wengine waliambiwa na madaktari wao wenyewe kwamba haifai kuendelea. Watafiti wa Ugiriki walipohesabu watoto waliozaliwa mwaka uliofuata, walikadiria kwamba mimba karibu 2 500 zilizokuwa zimetakiwa ziliondolewa kwa sababu ya hofu ile peke yake. Tukilisoma jambo hili tunawafikiria wazee wa kanisa, wamama wa vikundi vya maombi, na sisi wachungaji, ambao watu huja kwetu kabla ya kurudi kwa daktari. Neno moja tulilosema bila kujua linaweza kwenda mbali.

Hii haina maana kwamba mwenye mimba asiseme kitu. Aseme, tena kabla ya kuingia. Katika miaka ya 1950 daktari Alice Stewart wa Oxford, Uingereza, aliwauliza wamama waliofiwa na watoto kwa kansa, akaona kwamba wengi zaidi kati yao walikuwa wamepigwa radio ya tumbo wakati wa mimba. Alitoa habari hiyo mwaka 1956 na kwa ukamilifu mwaka 1958, na kwa miaka mingi wakubwa wa kazi hiyo hawakutaka kumsikia. Siku hizo ilikuwa desturi kupiga radio ili kuona mtoto amekaaje tumboni au kupima nyonga za mama. Leo ekografi inafanya kazi hiyo bila mionzi. Basi mwanamke yeyote ambaye siku zake zimechelewa, hata kama hana hakika, amwambie fundi. Na fundi aulize bila kumwaibisha, hasa binti ambaye amekuja na baba yake. Hapa kwetu tunajua jinsi swali hilo linavyoweza kuwa zito mbele ya wazazi. Ndiyo sababu lifanyike faraghani.

Mpaka hapa tumesema juu ya hofu. Ugonjwa wa pili ni kuipenda radio kupita kiasi, nao katika eneo letu pengine ni mkubwa kuliko wa kwanza. Mara ngapi tumesikia mtu akitoka kwa muganga na kulalamika: "Hakunipiga hata radio"? Mchimbaji wa dhahabu ametoka shimoni na maumivu ya mgongo, ana franga za juma, anataka aone ndani. Wazazi wanataka mtoto mwenye kikohozi cha siku mbili apigwe radio kwa sababu mtoto wa jirani alipigwa. Mahali ambapo mashine ni ya biashara, atapatikana wa kumwitikia. Mtu analipa, anapokea mionzi yake, anarudi na picha nyeusi chini ya kwapa, na dawa anayopewa ni ileile ambayo angepewa bila picha.

Swali ambalo daktari wetu alitufundisha ni fupi: picha hii itabadilisha nini? Kama jibu ni "ikionyesha hivi tutafanya hivi, ikionyesha vile tutafanya vile," picha ina kazi. Kama matibabu ni yaleyale kwa vyovyote, haina. Mgonjwa ana haki ya kuuliza hivyo kwa heshima, na daktari mwema hakasiriki. Anaweza kuuliza pia kama ekografi haitoshi. Maumivu ya mgongo ya mtu aliyebeba mawe, bila homa, bila ganzi ya miguu, bila kuanguka, mara nyingi hupungua kwa majuma machache bila radio. Na kumbukeni kwamba ile ya mgongo ni kubwa kuliko ya kifua mara kumi na zaidi.

Lakini kikohozi cha majuma mawili na zaidi, pamoja na kukonda na jasho la usiku, si cha kungojea. Hapo radio ya kifua inasaidia sana, hasa kwa wachimbaji wanaovuta vumbi la mawe, na makohozi yapimwe vilevile. Aliye na kifua kikuu akiikimbia radio kwa kuogopa mionzi ya siku chache, atawaambukiza watoto wake. Tumezika watu wa namna hiyo.

Eneo letu lina urithi katika jambo hili. Katika miaka ya 1970 na 1980 waganga Wakongo pamoja na wenzao wa Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerpen, Ubelgiji, walifanya kazi Kasongo ambayo ilijulikana duniani kote. Walionyesha kwamba kituo cha afya kidogo, chenye muuguzi anayewajua watu wake na mwenye maelekezo yaliyoandikwa wazi, kinaweza kujibu mahitaji mengi, na hospitali ibaki kwa yale yanayohitaji kweli vyombo vyake. Mpango wa maeneo ya afya tulio nao leo nchini ulijifunza mengi kutoka hapo. Muuguzi wa kituo anapokuambia "hili halihitaji radio," si kwamba anakunyima. Anakulinda mfuko, na anakulinda mwili.

Tuingie sasa katika chumba chenyewe, maana huko ndiko tulikoshangaa zaidi. Tulidhani mionzi anayopokea mgonjwa imeamuliwa na mashine. Kumbe inaamuliwa sana na mtu anayeishika. Radio ya kifua ileile, kwa mwili uleule, inaweza kuwa ndogo mahali fulani na kubwa mara nyingi zaidi mahali pengine.

Fundi alituonyesha taa ya mashine inayotupa mraba wa mwanga juu ya mgonjwa. Mwanga huo unaonyesha mionzi itapita wapi. Vipo vibamba vya kufunga mraba ule uwe mdogo kama sehemu inayotafutwa. Mtu amekuja kwa kifundo cha mkono, mraba uwe wa kifundo, si wa mkono mzima pamoja na kifua. Kufunga huko hakugharimu franga hata moja, na ndiko kunakosahauliwa zaidi. Kisha kuna vipimo vya umeme: mtoto wa miaka miwili asipigwe kwa vipimo vya mtu mzima, kwa kuwa mwili wake ni mwembamba, chembe zake bado zinagawanyika kwa kasi, na ana miaka mingi mbele yake ambamo kosa dogo linaweza kukua.

Halafu kuna chumba cha giza. Hili hatukulitegemea kabisa. Pale ambapo filimu bado zinaoshwa kwa dawa, dawa ikizeeka au ikitiwa maji mengi ili idumu, picha hutoka hafifu. Fundi, badala ya kubadilisha dawa ambayo hana, huongeza mionzi ili picha ionekane. Kwa hiyo mgonjwa analipa kwa mwili wake upungufu wa chupa ya dawa. Jenereta ikiyumba wakati wa kupiga, picha inaharibika na mgonjwa anapigwa tena. Na mashine mpya za kompyuta zina mtego wao: ukizidisha mionzi picha haiwi nyeusi kama zamani, bali inatoka nzuri zaidi, na hivyo hakuna anayetambua kwamba imezidi.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2008 watafiti waliofanya kazi na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu, wakiongozwa na Wilbroad Muhogora wa Tanzania, walitoa matokeo ya uchunguzi katika hospitali za nchi 12, na Kongo yetu ilikuwa mojawapo. Mahali pengine picha mbaya zilifika 53 kwa kila 100. Walipoanza kukagua kazi, kurekebisha vipimo, kuangalia dawa na filimu, mionzi ya wagonjwa ilipungua, mahali pengine kidogo tu, mahali pengine kwa 85 kwa 100. Hawakuwa wamenunua mashine mpya. Waliandika kila picha iliyotupwa na sababu ya kutupwa kwake, wakafuata sababu hizo moja moja. Sisi tunaojua kuandika sadaka katika daftari mpaka franga ya mwisho, tungeweza kuwaomba ndugu zetu wa hospitali za kanisa waandike picha zilizoharibika vilevile.

Watu wengi hutuuliza juu ya vazi la risasi. (Neno hili linachekesha na kuhuzunisha hapa kwetu. Kwa wenzetu wa pwani risasi ni chuma kizito kwanza. Sisi tukiambiwa "vaa risasi" tunafikiri mambo mengine.) Vazi hilo ni la kumlinda anayebaki chumbani kumshika mtoto au mzee. Anayemshika asiwe mama mwenye mimba, na asiwe fundi yuleyule kila siku. Awe ndugu wa mgonjwa, avae vazi, akae nje ya ule mraba wa mwanga. Ndugu wengine wote watoke, hata wakiwa na huruma. Kwa mgonjwa mwenyewe, mambo yamebadilika. Zamani walikuwa wakimfunika sehemu za uzazi. Mwezi wa Januari 2021 baraza la Marekani linaloshughulikia ulinzi dhidi ya mionzi, NCRP, lilishauri kwamba katika radio za tumbo na nyonga kufunika huko kusiwe tena desturi. Kifuniko mara nyingine huficha sehemu inayotafutwa, picha inarudiwa, na sehemu kubwa ya mionzi inayobaki hutawanyika kutoka ndani ya mwili, ambako kifuniko hakizuii. Kwa hiyo fundi asipokufunika, usimdhanie ubaya. Angalia kama amefunga mraba.

Kuna kitu kimoja cha zamani ambacho tungependa watu wakitambue: radioskopi, ambapo mganga anatazama mwili moja kwa moja kwenye kioo huku mionzi ikiendelea kutoka. Ina kazi zake, lakini si ya kutumiwa kwa kila kifua. Kule Nova Scotia, Kanada, wanawake wenye kifua kikuu walitazamwa namna hiyo tena na tena wakati wa matibabu ya zamani, wengine mara zaidi ya mia. Mwaka 1965 daktari Ian MacKenzie alionyesha kwamba kansa ya titi ilikuwa imewapata zaidi ya wenzao. Picha moja haikuwadhuru. Kurudiarudia ndiko kulikowadhuru.

Na kurudiarudia ndiko kunakotuhusu hapa zaidi. Tunamkumbuka kijana wa kanisa letu aliyeangukiwa na udongo shimoni, mguu ukavunjika. Alipigwa radio mahali pa kwanza. Picha ikabaki huko kwa sababu ya deni. Alipofika mahali pa pili wakapiga tena, maana hawakuona kitu mkononi mwake. Picha hiyo ilifungwa juu ya pikipiki, mvua ikanyesha njiani, ikashikamana na bahasha. Wakapiga ya tatu. Mguu uleule, mvunjiko uleule, pesa mara tatu, mionzi mara tatu. Kwa mguu mionzi hiyo ni kidogo, na tunashukuru. Ingekuwa nyonga au mgongo tungesema vingine. Lakini hata pasipo mionzi, familia iliuza mbuzi ambaye hakulazimika kuuzwa.

Picha ya radio ni mali ya kutunza kama kadi ya chanjo ya mtoto. Iwekwe mahali pakavu, isikunjwe, isikae karibu na moto wala chini ya bati lenye joto, na bahasha iwe na jina, tarehe na sehemu iliyopigwa. Mkisafiri kwenda Kasongo, Kindu au Bukavu, isafiri mkononi, ndani ya plastiki. Mkiishika mbele ya dirisha na kuipiga picha kwa simu, itamsaidia daktari wa mbali kujua habari, ingawa haitoshi kwa kila jambo. Anayehamisha mgonjwa aandike kwenye barua yake kwamba radio imekwisha kupigwa na ilionyesha nini. Na pale deni linapozuia picha, tunafikiri shemasi wa huduma ana kazi hapo: deni la picha moja ni dogo kuliko gharama ya kupiga nyingine.

Limebaki jambo ambalo litawaudhi wengine. Katika mitandao yetu ya makanisa kuna hamu kubwa ya kupokea mashine. Rafiki wa ng'ambo anasema hospitali yao inabadilisha vyombo, mashine ya zamani iko, tulipie tu usafiri. Tunapiga vigelegele, tunakusanya michango, na sura ya mashine inawekwa kwenye kalenda. Bwana wetu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza na kuhesabu. Tuhesabu basi. Chumba chenye kuta za kuzuia mionzi isimfikie anayengoja nje. Fundi aliyesoma kazi hiyo, na mshahara wake. Umeme usioyumba. Mtu wa kuja kupima mashine kila mwaka, na vipuri vyake. Ruhusa pia: nchi yetu ina sheria namba 017/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 juu ya ulinzi dhidi ya hatari za mionzi, na ipo kamati ya taifa, CNPRI, yenye kazi ya kutoa ruhusa na kukagua. Kanisa lisijione kwamba liko juu ya karatasi hiyo kwa sababu linafanya kazi ya Mungu.

Wengine watasema: mchungaji, watu wanakufa njiani, ninyi mnazungumza karatasi. Ni kweli kwamba wanakufa njiani. Barabara yetu tunaijua, na miaka ya bunduki tumeipitia. Tumeona aliyepigwa risasi akibebwa siku nzima ili ijulikane risasi imekaa wapi. Hatusemi tusiwe na mashine. Tunasema kwamba mashine isiyopimwa, mikononi mwa mtu asiyefundishwa, itapiga picha mbaya mara mbilimbili, na baada ya mwaka itafunikwa shuka kwenye kona. Pengine ekografi nzuri, pamoja na muuguzi aliyefundishwa kuitumia, ingewafaa wamama wetu zaidi kwa fedha zilezile. Tunajua si wote katika halmashauri wanakubaliana nasi.

Hapa Salamabila tumeanza na dogo. Wamama wa kanisa wanashona mifuko ya kitambaa kigumu yenye plastiki ndani, mipana kiasi cha kuingiza picha bila kuikunja, na juu wanatarizi mahali pa kuandika jina. Siku ya kwanza walipoomba watu walete picha zao za zamani, mzee mmoja alileta nane. Tulizipanga juu ya meza ya ushirika kwa kuwa hapakuwa na meza nyingine. Nne zilikuwa za kifua chake mwenyewe, za mwaka mmoja, kutoka mahali panne. Hakuna mahali hata pamoja walipokuwa wamemwomba awaonyeshe ile iliyotangulia, naye hakujua kwamba angeweza kuitoa.